Nusu saa ya Beni



Leo tunaanza na kosa letu wenyewe. Wengi wenu mmeshasikia maneno yanayozunguka sokoni juu ya dada mmoja wa kikundi chetu aliyekwenda matanga ya mama yake Beni. Wanasema alipewa pesa ya ndege, akakaa Bunia akitembea, akafika Beni mama ameshazikwa. Wanasema tena kwamba pesa ya sanduku airudishe. Mkutano ni Jumamosi. Kabla hatujafika huko tunaomba msome hesabu hii, kwa sababu aliyemwambia dada yule kwamba Bunia na Beni ni nusu saa ni sisi, mwalimu wenu, tukiwa na ramani ya shule mbele yetu.

Ilikuwa hivi. Habari ya kifo ilifika Jumapili usiku kwa simu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, dada alikuja shuleni na wamama watatu wa kamati. Kaka zake wa Beni walikuwa wanauliza jambo moja tu: tukungoje mpaka lini? Tulishusha ramani ukutani, tukachukua uzi wa kushonea, tukauweka toka Bunia mpaka Mavivi, kile kiwanja cha ndege cha Beni. Kwenye ramani ambayo sentimita moja ni kilomita 10, uzi ulifika karibu sentimita 14. Basi kilomita 138, tuseme 140. Ndege ndogo yenye injini moja, kama zile Cessna Caravan tunazoziona zikipita, inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Gawanya mwenyewe: dakika 28. Ongeza kupanda na kushuka, ni nusu saa au zaidi kidogo. Tulisema kwa sauti ya mwalimu: "Ni nusu saa." Dada akapiga simu Beni palepale, akawaambia kaka zake: "Mningoje, ni nusu saa tu."

Hesabu ile haikuwa ya uongo. Hata leo tukiirudia inatoka vilevile. Ubaya ni kwamba tulijibu ulizo ambalo hakuna aliyeliuliza. Kaka zake hawakuuliza ndege inakaa hewani dakika ngapi. Waliuliza dada yao atafika mlangoni lini.

Alitoka Kilo Jumatatu saa sita ya mchana, kwa sababu kamati ilikuwa bado inakusanya pesa toka kwa mtunza sanduku. Alipanda moto pamoja na kiroba cha maharagwe cha matanga. Mvua iliwakuta kabla ya Iga Barrière, motari akakataa kuendelea mpaka matope yapungue kidogo. Waliingia Bunia usiku, ofisi ya tiketi imeshafungwa. Alilala kwa shangazi yake. Jumanne asubuhi na mapema alikuwa mlangoni pa ofisi, akaambiwa ndege ya asubuhi imejaa, ila kuna nyingine mchana. Akanunua tiketi, akaenda uwanjani Murongo, akangoja. Saa nane wingu likawa jeusi upande wa Beni, ndege haikuruka. Wakaambiwa warudi Jumatano. Jumatano walimpima mizigo, wakampima yeye mwenyewe juu ya mizani, wakamwambia maharagwe yamezidi. Saa nne na dakika arobaini ndege iliruka. Saa tano na robo iligusa chini Mavivi. Dakika 35.

Mama yake walikuwa wamemzika Jumanne, saa tisa ya mchana. Walikuwa wamengoja. Mazishi yalipangwa saa tano, wakayasogeza mpaka saa saba, tena mpaka saa tisa, kwa sababu dada yao alisema ni nusu saa. Jua lilipoanza kwenda, wazee wakasema basi. Alipofika Jumatano, kaka yake mkubwa hakumpa mkono. Alimwuliza: "Nusu saa yako ilikuwa na siku mbili?" Jambo hilo alitueleza mwenyewe, ameketi kwenye benchi la wanafunzi, na hatukuwa na jibu la kumpa.

Tumekumbuka somo moja tulilosoma zamani katika chuo cha ualimu, na ambalo huwa tunawapa watoto wa darasa la sita bila kufikiri sana. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alirusha ndege toka Brussels mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na alikuwa wa kwanza kufanya safari hiyo. Aliondoka tarehe 12 mwezi wa pili, akafika tarehe 3 mwezi wa nne. Siku 51. Lakini muda wa ndege kuwa hewani ulikuwa masaa 75 na dakika chache, yaani hata siku nne kamili hazifiki. Siku nyingine zote zilikwisha chini, akingoja hali ya hewa, akitengeneza, akitafuta njia. Watoto huwa wanacheka wakisikia hivyo. Sisi pia tulikuwa tunacheka nao.

Sasa turudi kwenye hizo ndege zetu ndogo, kwa sababu wengi wenu hamjazipanda, na anayepanda mara ya kwanza hudhani ni kama basi la Bunia mjini.

Ndege ndogo inabeba watu wachache, kumi na kidogo. Kiti kimoja kikikosa mtu, hasara inaonekana. Ndiyo maana mara nyingine saa ya kuondoka inasogezwa, na mara nyingine ndege inapitia kwingine kuchukua watu kabla ya kwenda unakokwenda wewe. Kule kupitia kwingine hakuonekani kwenye uzi wa ramani.

Tena Bunia iko juu, inapita mita 1,200 toka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla haijainuka, hasa jua likiwa kali. Ndiyo sababu wanahesabu uzito kwa ukali. Mara nyingi wanakuruhusu kilo 15 au 20 za mzigo, na mwili wako nao unaandikwa kwenye karatasi. Wengine wanaona aibu kupandishwa mizani mbele ya watu. Wamama, sisi ni watu wa Kilo, kwetu dhahabu inapimwa mpaka kwa kijiti cha kibiriti; tusikasirike rubani akitupima sisi. Kasirikeni siku ambayo hapimi. Dada yetu aliacha kilo kumi za maharagwe kwa shangazi, na kwa kweli ilikuwa afadhali.

Jambo la tatu ni mvua. Katika majira ya mvua mawingu mazito ya radi hujikusanya mchana, asubuhi mara nyingi kunakuwa wazi zaidi. Na ndege hizi husafiri mchana: rubani akichelewa kuondoka Bunia, anafikiri pia saa ya kurudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo ndege ya saa nane iliyokosa saa yake, msishangae ikiwa ya kesho. Mwenye haraka aombe kiti cha asubuhi, hata kama analala Bunia kwa ajili hiyo.

Na Mavivi si Beni. Kiwanja kile kiko nje ya mji, upande wa kwenda Oicha. Ukishuka bado unatafuta moto ya kukufikisha mjini, na bei wanakuona usoni kwamba wewe ni mgeni mwenye kilio.

Sasa tunakuja kwa neno ambalo mama mmoja alilisema mbele ya kisima: "Si angepita barabara? Ni rahisi, na pesa ya sanduku ingebaki." Tumelipima neno hilo bila hasira. Kwa barabara, Bunia mpaka Beni ni karibu kilomita 200: unapita Marabo, unafika Komanda, unageuka kusini mpaka Luna, Eringeti, Oicha, na unapita hata pale Mavivi ndege inaposhuka. Uzi wa ramani ulisema 140. Barabara inaongeza 60 kwa sababu inazunguka kupitia Komanda. Kama njia ingekuwa nzuri na ya amani, gari lingetumia masaa machache tu, na huenda dada angefika Jumanne asubuhi.

Lakini ninyi wenyewe mnaijua njia ya Komanda na Luna. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Ituri na Kivu ya Kaskazini, mwezi wa tano mwaka 2021, hakuna kati yetu asiyekuwa na ndugu, jirani au mwanafunzi wa zamani aliyepotea au kupoteza mtu upande ule. Mwaka huohuo magari yalikuwa yakienda kwa msafara, askari wakiyasindikiza, na hata msafara wenyewe ulishambuliwa. Mtu akituambia barabara ni rahisi, tunamwuliza: bei yake umeihesabu yote? Sisi hatutamwambia mama wa watoto wanne apite pale ili sanduku libaki na pesa. Hilo ni wazo letu, na asiyekubali aje Jumamosi alipinge, tutamsikiliza.

Hatusemi pia kwamba hewani hakuna hatari. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2019, ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliyokuwa inatoka Goma kwenda Beni ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo punde tu baada ya kuruka. Waliokuwa ndani walikufa, na watu waliokuwa majumbani kwao pia. Kampuni za ndege za nchi yetu ziko kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kuingia anga la Ulaya tangu mwaka 2006. Mama akiogopa kupanda, tusimcheke. Tumpe habari hizi, achague mwenyewe.

Juu ya pesa sasa. Tumeomba daftari la mtunza sanduku na kulisoma. Kamati ilitoa bei ya tiketi, basi. Haikutoa moto ya Kilo mpaka Bunia. Haikutoa chakula cha siku mbili. Haikutoa Go-Pass, ile kodi ambayo kila abiria analipa uwanjani kwa Régie des Voies Aériennes tangu mwaka 2009, na ambayo wengi wanaisahau mpaka wanaposimama mbele ya dirisha. Haikutoa moto ya Mavivi. Dada aliazima pesa hizo kwa shangazi yake, na mpaka leo anadaiwa. Kwa hiyo hata ile franka moja ya sanduku "aliyoikalia" Bunia hatuioni kwenye daftari. Tiketi ilinunuliwa, na mwenye tiketi alisafiri. Kumwomba arudishe pesa ni kumlipisha mvua.

Tunachokiomba kwa Jumamosi ni kingine: sanduku likikubali safari ya ndege, likubali safari nzima, toka mlango wa nyumba ya Kilo mpaka mlango wa nyumba ya matanga, pamoja na usiku mmoja wa Bunia, kwa sababu usiku huo karibu haukwepeki kwa mtu wa kwetu. Kama pesa haitoshi kwa hayo yote, heri kusema wazi "hatuna" kuliko kutoa nusu na kumwacha mtu aazime njiani. Na mtu anayepiga simu kwa ndugu zake asitaje dakika za hewani. Atoke Kilo Jumatatu, aseme "nitafika Jumatano, Mungu akipenda Jumanne." Kule Beni wangezika Jumanne saa tano bila kungoja, na kaka angempokea dada yake kama watu wanavyopokeana kwenye kilio.

Kwa kuwa tumeshashika uzi, na kwa kuwa wamama wengine wameuliza juu ya watoto wanaokwenda kusoma Kisangani: toka Bunia mpaka Bangboka, kiwanja cha Kisangani, kwa mstari wa ndege ni karibu kilomita 555. Ndege ndogo ile ya 300 kwa saa inachukua karibu masaa mawili. Ndege kubwa zaidi zenye injini mbili zinaweza kutumia saa moja na kidogo. Barabara inapita Komanda, Mambasa na msitu wote, inafika karibu kilomita 700, na huko masaa hayahesabiki, mnahesabu siku. Bangboka nayo iko mbali na mji, karibu kilomita 17, kwa hiyo mtoto apewe pesa ya kufika chuoni, isiwe ya tiketi tu. Kwa masanduku ya mtoto, mizani ni ileile: godoro halipandi ndege.

Kisangani inatumia saa moja na sisi. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, na Uganda iko mbele saa moja. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Toka Bunia mpaka Entebbe ni karibu kilomita 300. Mgonjwa akiruka Bunia saa nne ya asubuhi na kukaa hewani saa moja, saa ya ukuta wa Entebbe itamwambia ni saa sita. Mtu wa nyumbani anayesoma karatasi atasema ndege imechukua masaa mawili. Wakati wa kurudi, akiruka Entebbe saa nane, anashuka Bunia na saa yetu inasema saa nane vilevile, kana kwamba hakusafiri kabisa. Hakuna uchawi hapo. Kila tiketi inaandika saa ya mahali penyewe, ya kuondoka kwa saa ya pale, ya kufika kwa saa ya kule.

Na saa za tiketi si saa zetu za kusema. Ikiandikwa 07:30 ni saa moja na nusu ya asubuhi. Ikiandikwa 13:00 ni saa saba ya mchana, wala si saa moja ya usiku. Yupo bibi mmoja tunayemfahamu aliyeona namba 9 kwenye karatasi akaja uwanjani saa tisa ya mchana, amevaa vitenge vipya, ndege imeondoka tangu saa tatu. Asiyekuwa na uhakika atuletee tiketi shuleni baada ya masomo, tutamsomea bila malipo, hata kama si mwanachama. Na tutamsomea pia mahali panapoandikwa saa ya kuwa uwanjani, ambayo iko mbele ya saa ya kuruka, na ndiyo inayowapita watu wengi.

Dada yetu amerudi juzi. Toka Mavivi mpaka Murongo alitumia dakika 34, ameziandika kwa kalamu nyuma ya tiketi. Toka Bunia mpaka Kilo mvua ilikuwa imekata njia, akalala kwa watu asiowajua karibu na Iga Barrière, akafika siku ya pili saa tano. Tiketi zote mbili atakuja nazo Jumamosi, saa nane ya mchana, katika darasa la sita. Ramani itakuwa ukutani, na uzi tutakuwa nao.